Usimshtue Aliyezama

Haya wapendwa, nimerudi. Wale mlioanza kusambaza kwamba nimeoa kimyakimya huko mkoani, poleni sana. Nilikuwa TP. Shule niliyopangiwa, ukitaka mtandao unapanda jiwe lililo nyuma ya nyumba za walimu, unanyoosha mkono juu kama unaomba mvua, na ukibahatika ujumbe mmoja unaingia. Kwa hiyo kuandika kutoka kule ilikuwa ndoto. Sasa niko Mlimani tena, nimefua, nimelala siku mbili, na leo Jumapili rumeti wangu kaenda kwa shangazi yake Mbagala. Chumba kimetulia. Tuongee.

Kabla sijaondoka niliwaahidi picha. Picha zipo, ila ile moja niliyotaka kuwaonyesha kuliko zote sinayo, na sababu ya kutokuwa nayo ndiyo stori ya leo. Lakini lazima nianzie nyuma kidogo.

Wa siku nyingi mnaujua ugonjwa wangu: napenda kupiga picha watu na wanyama waliozama. Kwa wageni nieleze, si kuzama majini. Nasema ile hali ya mtu kufanya jambo mpaka anasahau kwamba ana uso. Mdomo unabaki wazi, ulimi unachungulia pembeni, paji la uso linakunjamana, nzi anatua shavuni na hafukuzwi. Harusini huwezi kuipata picha ya namna hiyo, maana kule kila mtu anajua uso wake uko wapi.

Ilianza mwaka wa kwanza, na aliyenianzishia ni paka. Nilikuwa nimekaa chini ya mti na sahani yangu ya wali maharage. Hatua kama tano mbele yangu paka kajilaza chini tumbo likigusa majani, anamwangalia mjusi kafiri ukutani. Ncha ya mkia tu ndiyo inacheza. Nyuma yetu mtu akaangusha trei nzima ya vyombo, watu wakapiga makofi kama kawaida yetu. Paka hakugeuka. Sikio moja tu liligeuka nyuma, likasikiliza ule upuuzi wetu, likarudi. Macho yalibaki kwa mjusi. Nikatoa simu nikapiga. Alikuja kuruka, akamkosa, akakaa chini na kuanza kulamba mkono kama vile hakuna kilichotokea. Lakini lile sikio nilikuwa nalo. Usiku nililitazama mpaka simu ikazima chaji.

Basi bana, bumu lilipoingia muhula uliofuata nikafanya kosa ambalo mama yangu mpaka leo halijui. Nikaenda Kariakoo nikanunua kamera ndogo ya mtumba. Wiki mbili za mwisho wa muhula ule nilikula mihogo.

Mtu wa kwanza kumwendea na kamera alikuwa fundi viatu wa Msewe. Mzee yule akishona soli anauma uzi kwa meno, anafumba jicho moja, kichwa kinainama kana kwamba kiatu kinamnong'oneza. Nikasema hii ndiyo yenyewe. Nikasogea, shikamoo mzee, marahaba, naomba nikupige picha ukiwa kazini. Akafurahi sana! Akaweka kiatu chini, akajifuta uso, akafunga kifungo cha juu cha shati, akakaa wima na mikono miwili juu ya magoti. Nikabaki na picha ya paspoti. Nikamwambia, mzee endelea na kazi tu. Akakichukua kiatu, akakishika kama anayekitangaza kwenye televisheni, akanitazama mimi.

Siku ile nikajifunza kwamba umakini hauombwi. Ukiuomba unakimbia, kinabaki kivuli chake.

Njia rahisi ni kuiba, yaani kupiga kwa mbali bila mtu kujua. Nimefanya hivyo, sitawaficha. Nilisoma kwamba yule mpiga picha maarufu wa Ufaransa, Henri Cartier-Bresson, alikuwa anaziba kwa utepe mweusi sehemu zinazong'aa za kamera yake ili watu wasiione. Nami nikanunua utepe mweusi wa mafundi umeme nikaifunga yangu yote. Rumeti akasema kamera imefiwa. Nilipata picha nzuri kwa njia hiyo, ila kila nikizitazama najisikia kama nimechungulia dirisha la mtu.

Nikaja kupata njia ya tatu, ndefu kuliko zote: omba kwanza, kisha kaa hapo mpaka usahaulike. Kwa fundi viatu ilinichukua kama dakika arobaini. Dakika kumi za mwanzo alikuwa ananipozia. Kumi zilizofuata akawa ananipigia stori za enzi za Nyerere. Halafu akaja mama mmoja na kiatu cha mwanae kilichopasuka vibaya, ikawa kazi ngumu, mzee akaanza kukigeuzageuza, na taratibu nikamwona anaondoka. Mwili uko pale, yeye kaondoka. Nikapiga mbili tu.

Kijiweni Changanyikeni vilevile. Kuna jamaa anacheza drafti ya visoda, wapambe kumi wamemzunguka, kila mmoja kocha. "Kula hiyo!" "Huyo kalala!" "Unaliwa tatu wewe!" Yeye kisoda kakishika kwa vidole viwili, kinaning'inia hewani, kelele zote zile hazimfikii. Kwenye picha yangu watu wote wana midomo wazi isipokuwa yeye. Alipomaliza na kushinda akainua kichwa, akaniona, akaniuliza, "We dogo, umefika saa ngapi?" Nilikuwa pale tangu adhuhuri, na nilimwomba ruhusa yeye mwenyewe.

Kumbe hata kwa wanyama ni hivyohivyo. Jane Goodall, yule mama aliyefariki Oktoba 2025, alipofika Gombe kule Kigoma mwaka 1960 sokwe walikuwa wanamkimbia. Alikaa miezi mpaka wakaanza kumzoea. Na katika miezi hiyo ndipo akamwona yule dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka jani kwenye kichuguu, akingoja, akilitoa na mchwa wameling'ata, akiwala. Mpiga picha Hugo van Lawick alifika mwaka 1962, akapiga picha na filamu za sokwe haohao. Tulionyeshwa filamu fupi ya sokwe na kichuguu darasani mwaka wa pili. Darasa zima lilicheka sokwe kula mchwa. Mimi niliangalia mtoto wa sokwe pembeni ya mama yake. Mama anavua mchwa, mtoto anatazama mkono wa mama. Hajaambiwa "sikiliza", hajaambiwa "tazama mbele". Na hivyo ndivyo wanavyojifunza, kwa kutazama sana miaka kadhaa mpaka wanaweza.

Mwaka huohuo ndio tulifundishwa habari za Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907. Kuna kisa chake kimoja. Alimkuta mtoto wa kike wa miaka kama mitatu anachomeka vipande vya mbao kwenye matundu yake, kila kipande na tundu lake. Akimaliza anavitoa, anaanza upya. Montessori akaanza kuhesabu. Akataka pia kupima ule umakini, akawaambia watoto wengine waimbe na kuzunguka. Mtoto yuko na mbao zake tu. Akakiinua kiti, mtoto akiwa juu yake, akakiweka mezani. Mtoto akapakata mbao zake akaendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamka usingizi mzuri.

Nilikiandika kisa hicho kwenye daftari nikakipigia mstari, kwenye mtihani nikakijaza vizuri, nikapata alama zangu. Naomba mkikumbuke, maana mimi mwenyewe nilikisahau.

Sasa twende TP.

Nilipewa Kidato cha Pili, hesabu. Wanafunzi sabini na nne, madawati ya watu wawili wanakaa watatu. Mwalimu mwenyeji wangu, mtu mwema kweli, alinipa siri ya kazi siku ya kwanza: "Ukiona macho yote yako ubaoni, ujue darasa liko mkononi." Nikaishika hiyo kama dini. Nikiingia, naandika, nageuka, nahesabu macho.

Na kila nikigeuka kuna macho mawili siyapati. Kijana mmoja wa nyuma kabisa, kona ya dirisha. Muda wote kainama. Simtaji jina wala shule, na mkinitumia ujumbe kuuliza sitajibu. Wiki ya kwanza nilimvumilia. Ya pili nikaanza kumtupia jicho. Ya tatu, niko katikati ya Pithagoras, nimechoka, jua kali, nikageuka nikamwona tena kainama. Nikagonga meza. "Wewe wa nyuma! Simama. Rudia nilichosema sasa hivi."

Akasimama. Hakuwa na jibu. Darasa likacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo kwamba limecheka. Nikamwambia abaki amesimama mpaka kengele. Ilikuwa kama nusu saa. Alisimama akitazama ubao, kama nilivyotaka.

Kamera nilikuwa nayo. Niliomba ruhusa kwa makamu mkuu wa shule, nikawaeleza na wanafunzi kwamba nataka picha za ripoti yangu ya TP. Halafu nikatumia ile njia yangu ya kusahaulika. Kila siku kamera ilikaa mezani, wiki nzima, ya pili, ya tatu, bila kupiga hata moja. Wiki ya tano wakawa wameizoea kama chaki.

Siku hiyo nikaandika swali ubaoni, nikasema, haya, tazameni ubao, dakika mbili, kila mtu afikirie hatua inayofuata. Kimya. Nikachukua kamera nikapiga kama thelathini hivi. Nikajisemea leo nimepata, darasa zima limezama.

Usiku, kwa taa ya sola, nikaanza kuzikuza kwenye kile kiskrini kidogo, uso mmoja baada ya mwingine. Nikaanza na madawati ya mbele, wale wanafunzi wangu wa dhahabu ambao macho hayatoki ubaoni. Jamani. Nilizikuza nikarudia. Nyuso zile nilishaziona mahali. Mgongo wima, macho mbele, mdomo umefungwa vizuri. Alikuwa fundi viatu na mikono juu ya magoti! Walikuwa wamevaa uso wa kusikiliza, mmoja baada ya mwingine, safu nne nzima. Ninafundisha kwa Kiingereza, wao Kiingereza wanakipata darasani tu, na wamejifunza kwamba mwalimu haangalii kama umeelewa, anaangalia macho yako yako wapi. Basi wakanipa macho.

Nikafika kona ya dirisha. Yule kijana kainama kama siku zote. Ulimi uko pembeni ya mdomo. Mkono wa kushoto umezungushwa kwenye daftari kama mtu anayekinga mshumaa na upepo. Penseli imegusa karatasi, vidole vimekazana mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Mwanga wa dirisha umempata upande mmoja. Katika picha zote nilizowahi kupiga, paka, fundi, drafti, tumbili wa hapa chuoni, hakuna iliyozama kama ile. Na niliipiga mimi, wa mtu niliyemsimamisha nusu saa kwa kutokuwa makini.

Sikulala vizuri.

Kesho yake wakati wa mapumziko nikamwita chini ya mwembe. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Kalete daftari lako la hesabu." Akalileta anatetemeka. Nilidhani nitakuta katuni au majina ya wachezaji wa Simba. Nikakuta somo langu la Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mfano niliouandika ubaoni Jumatatu alikuwa ameurudia mara nne, kila mara anakwama mahali tofauti, anafuta, anaanza upya. Na katikati ya mistari, kwa penseli, herufi ndogondogo, alikuwa amejitafsiria. Kwenye hipotenusi ameandika: ule mrefu, unaotazamana na kona ya mraba. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilipokuwa nafundisha la Alhamisi yeye alikuwa bado hajamalizana na la Jumatatu, na hakutaka kuliacha. Siku ile nilipomwambia arudie nilichosema, kweli hakukisikia. Alikuwa mbali, anafanya kazi.

Nikamwonyesha picha. Nilidhani atafurahi. Aliitazama sekunde moja hivi, akaniuliza, "Mwalimu, utampelekea mkuu?"

Sikuelewa. Akasema taratibu, "Hiyo picha. Kwamba sikuwa naangalia ubao."

Kwake yeye ile ilikuwa ushahidi. Nikamweleza hapana, ni picha nzuri, wewe ndiye uliyekuwa unasoma kuliko wote. Akaangalia chini. Akasema, "Naomba uifute, mwalimu."

Hapa ndipo ninapoona aibu zaidi, hata kuliko siku ya kumsimamisha. Sikuifuta palepale. Nilisema subiri kidogo. Kichwani nilikuwa napiga hesabu: nikimwambia nitaifuta jioni, naweza kuihamisha kwanza kwenye kompyuta, nani atajua? Niliipenda ile picha. Nilijiambia ni kwa ajili ya elimu, ni kwa ajili ya walimu wenzangu waone. Maneno mazuri yalikuwa yanakuja yenyewe. Na yeye amesimama mbele yangu tena, anangoja, kama siku ile.

Nikampa kamera mkononi, nikamwonyesha kitufe. Akabonyeza mwenyewe. Kiskrini kikahamia picha nyingine, ya ubao.

Nikamwomba radhi kwa ile siku. Akasema, "Haya mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyepewa noti anayoitilia shaka. Akachukua daftari akakimbia kuwahi uji.

Usiku huo ndio nikamkumbuka Montessori na kile kiti. Bibi yule alimwinua mtoto na kiti chake, akamweka juu ya meza, na mtoto hakutoka kwenye mbao zake, kwa sababu hakuna aliyemdai macho. Mimi nilimwinua wangu kwa neno moja.

Baada ya hapo nilibadili kitu kimoja. Tukiwa na vipindi viwili mfululizo, dakika kumi za mwisho nikawa nawaachia. Rudi popote ulipokwama, hata kama ni la wiki iliyopita, andika kwa lugha yoyote, mimi sitapita kwenye madawati. Siku za mwanzo zilikuwa kelele tupu. Hawakuamini, na wengine walinitumbulia macho ya ubaoni dakika zote kumi. Baadaye vichwa vikaanza kuinama, kimoja, vitatu, safu nzima. Mwalimu mwenyeji akachungulia dirishani akaniuliza mbona sifundishi. Kwenye daftari langu la maandalio akaandika kwa wino mwekundu kwamba nisimamie darasa. Simlaumu, alikuwa anahesabu macho kama nilivyokuwa nahesabu mimi.

Sitawadanganya kwamba kijana akawa wa kwanza. Kwenye jaribio la mwisho alipata thelathini na nane. Lile la mwanzo alipata kumi na tisa. Maswali ya mwisho hakuyagusa kabisa, alikuwa bado kwenye la sita muda ulipokwisha, na la sita alilipata.

Siku ya kuondoka niliingia darasani kuaga. Walikuwa na kipindi cha kujisomea, hakuna mwalimu. Waliokuwa mbele wakasimama, wakaimba, wengine wakaomba namba ya simu. Nilipoangalia nyuma, yeye kainama, mkono wa kushoto umezungushwa kwenye daftari, ulimi pembeni. Hakujua nimeingia. Kamera ilikuwa begani. Nilitaka kumwita nimwage, hata jina lilishafika mdomoni.

Nikatoka taratibu, nikamwachia dirisha lake.

Haya, rumeti amerudi na anauliza nani kala mkate wake. Ninyi mnaokwenda TP mwaka huu, mkihesabu macho ubaoni, hesabuni na vichwa vilivyoinama. Kesho saa moja asubuhi nina kipindi Yombo, ngoja nikalale. Picha za paka na za drafti nitawawekea umeme ukitulia.